Waithira na Zamu ya Waceke

Mama mkwe wangu Waithira hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akaliamini. Ukimwambia mafuta fulani yanalainisha ngozi, aliyapaka mguu mmoja tu, kuanzia goti hadi kifundo, na mguu wa pili akauacha vile ulivyo. Kisha akatembea hivyo wiki nzima katika kijiji chetu cha Ruiru, mguu mmoja unang'aa na mwingine umepauka, bila haya hata kidogo. Watoto walimwita Waithira wa Mguu, na yeye aliwaitikia.

Nilipoolewa na mwanawe Githinji, mwaka wa hamsini na saba, sikuwa hata nimetua kiondo changu aliponiita mlangoni, kwenye mwanga.

"Ngendo, binti wa Erastus, hebu niambie ukweli. Mguu gani ni mzuri?"

Nikajua ninategwa. Mke mgeni hatazami miguu ya mama mkwe, sembuse kuitolea maoni. Nikasema yote miwili ni mizuri.

Akakunja uso. "Sikukuuliza kama unanipenda. Nimeuliza mguu gani."

Nikanyooshea kidole mguu wa kushoto, na uso wake ukafunguka. Miguu yote ilikuwa imepakwa mafuta yale yale ya mbarika, ila wa kushoto ulipakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na maji maji, na wa kulia ukapakwa baada ya kukauka kabisa. Nesi mmoja wa Thika, Mkamba aitwaye Syokau, ndiye aliyekuwa amewaambia akina mama kwamba ngozi kavu hupakwa ikiwa na maji. Waithira alikuwa amemsikiliza, akamshukuru, akarudi nyumbani kuhakikisha.

"Nesi alisema kweli," akatangaza, na kuanzia siku hiyo akapaka miguu yote ikiwa na maji. Mimi nilimpenda hapo hapo. Nilikuwa nimeonywa sana kuhusu akina mama mkwe, jinsi wanavyokupima kazi na tabia, na huyu wangu alichotaka kwangu ni macho mawili na ulimi usiodanganya. Ulimi huo ninao. Umenigombanisha na watu wengi.

Mafuta aliyatengeneza mwenyewe. Alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha polepole na kuengua mafuta yanapopanda juu, na nyumba nzima ikanuka mpaka Gathogo, baba mkwe wangu, akahamishia kigoda chake nje. Wanawake walikuja kuchukua kwa ajili ya watoto wao na kwa ajili ya visigino vilivyopasuka. Akija mmoja kuuliza kama yanaondoa mikunjo ya uso, Waithira alimjibu wazi kwamba amejaribu upande mmoja wa uso tangu mavuno hadi mvua, na mikunjo ilibaki sawa pande zote mbili. "Mkunjo ni wa kucheka na kulia," alisema. "Hiyo siwezi. Funga kitambaa vizuri jua lisikupige, na usioge na sabuni ya kufulia. Basi."

Hata mimi, na ulimi wangu huo, ningewadanganya kidogo tu, wafurahi. Yeye hakuweza.

Alikuwa na dada mmoja, Waceke, aliyefanya kazi Thika kwenye kiwanda cha mananasi. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Waceke alikuja karibu kila Jumapili, akiwa amepata pasi ya kusafiri, maana ilikuwa bado miaka ya hali ya hatari na huwezi kutoka Thika hadi Ruiru hivi hivi. Alianza kuongea akiwa njiani na hakunyamaza mpaka treni ilipomchukua tena. Maji ya mananasi yalikuwa yamemla mikono, vidole vimebabuka na kuwa vyekundu, na kila mara Waithira alimkalisha chini na kumpaka. Alimpaka mkono mmoja.

"Na huu mwingine umekukosea nini?" Waceke alilalamika.

"Huo ndio utaniambia kama huu umepona kwa mafuta au umepona kwa kupumzika Jumapili."

"Ngai! Mimi ni dada yako, si mguu wako!"

Tulicheka sana. Lakini mkono uliopakwa ulipona kabla ya mwenzake, na hapo ndipo akapakwa yote, na akatafutiwa glavu za mpira, akazivaa kazini huku wenzake wakimwita memsaabu. Waceke naye alilipiza kwa zawadi. Alileta kopo la mafuta ya waridi kutoka duka la Manubhai pale Thika, lenye picha ya mwanamke mweupe kama maziwa anayetabasamu, na aliapa kwamba yanamrudisha mtu ujanani. Waithira akapaka mahali padogo kwenye shavu la mguu. Ngozi ikang'aa, kisha ikawa nyekundu, kisha ikachubuka. Kopo likawekwa juu ya dari, na ole wake ambaye angeligusa. Nilipotaka kulichungulia tu, alinipiga mkono kama mtoto.

Sasa niseme jambo moja kuhusu majina, kwa sababu ndilo lililotuletea shida. Kwetu Wakikuyu mtoto hachaguliwi jina, jina lina zamu. Msichana wa kwanza ni mama ya baba yake, wa pili ni mama ya mama yake, halafu wanafuata dada za baba, na mwisho dada za mama. Wala si jina tu. Yule mtoto ndiye huyo mtu, amezaliwa tena, na mwenye jina humwita "mimi". Mtu ambaye hana mtoto hana wa kumzaa tena, isipokuwa ndugu yake. Waceke hakuzaa. Aliolewa upande wa Gatundu, akakaa miaka, akarudishwa bila mtoto. Na Waithira alikuwa amewazaa wasichana wa zamu zote za mbele. Msichana mwingine mmoja tu, na angekuwa Waceke. Badala yake akaja Bedan, mvulana, na baada ya Bedan tumbo likatulia, na Waceke akaacha kulitaja jambo hilo, ingawa aliacha kwa mdomo tu.

Nilipata mimba mwezi wa sita. Mwezi huo huo, Waithira, ambaye alikuwa anakaribia hamsini, hakuona siku zake. Mwezi uliofuata pia hakuziona.

Kijiji chetu kilikuwa kile cha kujengeshwa kwa amri, nyumba zimebanana mpaka mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Siri haikuwa na pa kukaa. Wakaona amenenepa kiunoni. Wakaona anavua shuka shambani katikati ya baridi ya mwezi wa saba, ukungu umefunika kahawa, yeye anajipepea na jani la mgomba. Wakaona ana hasira, yeye ambaye hasira alituachia sisi wengine. Wakakata shauri kwamba Mama Githinji ana mimba, na bibi mmoja mwenye kujifanya mganga akaongeza kwamba ni msichana, kwa sababu uso umepiga weusi.

Ilikuwa aibu na furaha pamoja. Aibu, kwa sababu mwanamke ambaye mwanawe ameoa anatakiwa kuachia mke wa mwana kazi ya kuzaa, na hapa tungekuwa tunanyonyesha sote wawili kwenye jiko moja. Nilikasirika. Nilimwambia Githinji babake hana adabu. Na huyo babake, Gathogo, mtu mpole aliyekuwa akisimamia mashine ya kumenya kahawa kwa mzungu na kurudi nyumbani bila kusema neno, alianza kuvaa kofia upande. Akisalimiwa njiani, anajibu kwa sauti ya kijana.

Furaha ilikuwa ya Waceke. Aliposikia, alikuja siku ambayo si Jumapili, sijui pasi aliipataje, akaingia akicheka na kulia, akamshika dada yake tumbo na kusema, "Nimekuja. Ona, nimekuja mwenyewe." Alikuwa amebeba mananasi kwenye kiondo, na chini yake kitambaa cheupe laini cha kumbebea mtoto. Akamwambia Waithira asiinue kuni tena. Akaniambia mimi niinue za watu wawili.

Alipoondoka, Waithira aliniita.

"Ngendo, watu wote wana hakika ila mimi. Kama ni mtoto, nitaona aibu yangu na nitamzaa, na Waceke atakuwa na mahali duniani. Lakini kama si mtoto, nani atamwambia?"

"Maitu," nikamwita, kama Mkikuyu anavyomwita mama yake, "si utajua tu tumbo likikua?"

"Tumbo linakua hata kwa viazi." Akanitazama, na nikaona lile jicho la mguu mmoja. "Wewe una mimba ya kweli. Tumeanza mwezi mmoja. Wewe ndiwe mguu wangu mwingine."

Na tangu hapo sikupata amani. Kila asubuhi, kabla ya moto kushika vizuri, alinivuta nyuma ya ghala la mahindi.

"Umetapika?"

"Nimetapika."

"Mimi sijatapika. Umelala?"

"Nimelala kama gogo."

"Mimi nimeamshwa na joto, nimelowa jasho, kisha nimesikia baridi. Wewe una joto?"

"Sina, Maitu. Nina njaa."

"Matiti?"

"Maitu!"

"Ngozi basi. Inakuwasha? Mimi ni kama siafu wanatembea chini yake, na napaka mafuta kila siku."

Yangu haikuniwasha. Ilikuwa imenyooka na kung'aa, watu wakanisifu, na yake ilizidi kukauka kila wiki. Nilimwona akiilinganisha mikono yetu, wake na wangu, imelazwa pamoja juu ya paja lake. Hakuwa na wivu wowote. Alikuwa anatafuta jibu. Lakini jibu lilikuwa linaanza kuonekana, na mimi, ambaye mwanzoni niliomba isiwe mimba, sasa nilianza kuomba iwe. Nilikuwa nimeuona ule uso wa Waceke.

Mtoto wangu alipocheza tumboni mara ya kwanza nilikuwa nachambua maharagwe. Nilipiga kelele, Waithira akaja mbio, akaweka kiganja chake kwangu na kusubiri mpaka akamsikia. Alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana. Kisha akaweka kile kiganja kwenye tumbo lake mwenyewe, akasimama hivyo, macho yameangalia ukutani.

"Kesho tunaenda Thika kwa nesi," akasema.

Tuliomba pasi, tukachukua treni. Nesi Syokau alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya taratibu na Kiswahili cha Ukambani, na alimfahamu Waithira kwa maswali yake. Akanilaza kitandani kwanza, akachukua ile pembe ya mti wanayosikilizia, akaiweka tumboni kwangu.

"Mtoto huyu iko sawa kabisa," akasema.

"Nami nisikie," Waithira akamwambia.

"Mama, hii ni kazi ya nesi."

"Nesi, mimi siwezi kujua yangu haina sauti kama sijasikia yenye sauti."

Syokau akacheka na kumpisha. Waithira akainama, sikio kwenye pembe, mkono wake begani kwangu. Alisikiliza sana. "Anakimbia kama mbuzi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapanda kitandani mwenyewe. Nesi akamsikiliza huku na huku, akambonyeza, akamuuliza maswali mengi na kumpima kwa ndani, nami nikageuza uso. Mwishowe Waithira akaomba mimi pia nisikilize. Niliweka sikio. Nilisikia tumbo linalonguruma kwa sababu tulitoka bila chai. Hakukuwa na kingine.

"Niambie ukweli, Ngendo."

"Ni njaa tu, Maitu."

Nesi akavuta kiti. Akamweleza polepole kwamba hana mimba wala hana ugonjwa, na tena hakurogwa. Ndani ya mwanamke kuna kitu kinachotiririka kwenye damu na kumwendesha mwezi hadi mwezi, na ukifika umri fulani kinapungua. Kikipungua, siku zinakatika, joto linapanda na kushuka, ngozi inakauka, usingizi unaruka, na moyo unakuwa na hasira bila sababu. Joto litapita, kwa wengine mapema na kwa wengine litachelewa. Alisema kuna wazungu wanaomeza vidonge kwa ajili ya hilo, lakini yeye hajaona vya kutosha kumwambia mtu ameze. Alale na shuka nyepesi, mbili tatu za kuvua na kuvaa, asilale na blanketi moja zito. Mafuta aendelee vile vile, kwenye ngozi yenye maji. Na asikubali kukalishwa. Mifupa ya mwanamke wa umri huo inaanza kuwa nyepesi, inataka kutembea na kubeba kiasi, inataka maziwa, maharagwe na mboga za majani.

"Mifupa siwezi kupima upande mmoja," Waithira akalalamika.

"Hiyo utaniamini tu, mama."

"Nitakuamini. Ulisema kweli kwa miguu."

Nilidhani amelichukua vizuri. Tulipotoka nje akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso na kitambaa cha kichwa, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilimuuliza kama analilia ujana. "Ujana?" akasema. "Ujana ninaujua, nilikuwa nao. Nalia kwa sababu ya Waceke." Tukaondoka hapo kwa miguu hadi kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ambako Waceke alikuwa na chumba.

Alikuwa ametoka zamu, ananuka mananasi, na alipotuona akaanza kuongea kabla hatujapita mlangoni. Waithira alimwacha aongee mpaka akatulia, kisha akamwambia. Hakuzunguka. Hajui kuzunguka.

"Nesi ni Mkamba," Waceke akasema. "Anajua nini kuhusu tumbo la Mkikuyu?"

"Waceke."

"Na joto? Na unene? Bibi wa kijijini amesema ni msichana!"

Waithira akamshika mkono, akauweka kwenye tumbo langu. Mtoto, ambaye alikuwa amelala tangu kwa nesi, akapiga teke zuri. Waceke akashtuka na kucheka. Kisha Waithira akauchukua ule mkono na kuuweka kwake, juu ya nguo, akaushikilia pale kwa mikono yake miwili. Tukasubiri. Nje kulikuwa na wanawake wanafua na kuimba, na mimi nilitamani wanyamaze, kana kwamba ni wao wanaozuia.

"Ngoja kidogo," Waceke akasema. "Labda amelala."

Tukangoja tena. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mimba imenijaa, na nilitamani kumpa yeye mtoto wangu. Mwishowe Waceke mwenyewe akauvuta mkono wake, taratibu, akasimama na kuanza kututengenezea chai. Ile ilikuwa mara ya kwanza mimi kukaa na Waceke ndani ya chumba kimoja bila kusikia neno.

Baada ya hapo hakuja tena. Jumapili zilipita. Waithira alimpelekea mafuta kwa mkono wa jirani, na jirani alirudi na salamu fupi tu. Gathogo akarudisha kofia yake katikati, na siku moja nikamsikia akimwambia mkewe, kwa haya, kwamba hata hivyo alikuwa amefurahi kidogo. Waithira akamwambia alimwona. Walicheka wawili pale nje kama vijana, nami nikajifanya nachochea moto.

Yeye alifuata maneno ya nesi kwa bidii iliyonichosha mimi. Alitembea hadi mtoni na kurudi hata kama maji yapo. Alichuma mboga za majani, terere na managu, akala maharagwe, akanunua maziwa. Wanawake wengine wa rika lake walipoanza kuona joto na kunong'ona kuhusu uchawi, aliwaita na kuwaambia wazi, mbele ya yeyote: si uchawi, si mimba, ni mwili unabadilisha kazi, chukua shuka nyepesi. Wengine walimkasirikia kwa kusema mambo hayo hadharani. Wengi walianza kulala. Lakini kila treni ya Thika ilipopiga honi upande wa stesheni, aliinua kichwa.

Nilishikwa na uchungu mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, asubuhi, jua limetoka. Wakunga wawili wa kijiji walikuwepo, na Waithira nyuma yangu, amenishika mabega, ananipumulia sikioni. Sitaeleza mengi. Ilikuwa kazi, na niliimaliza. Alikuwa msichana, na wanawake nje wakapiga vigelegele vya msichana, na mmoja akaita kwa sauti kubwa, "Waithira amekuja! Waithira, umezaliwa!" Kwa maana huyo alikuwa binti wa kwanza wa Githinji, na zamu ilikuwa ya mama yake Githinji, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Waithira akamchukua mtoto, akamtazama pande zote, nyuma na mbele, vile anavyotazama kila kitu. Kisha akapiga magoti karibu na kichwa changu na kuongea chini chini, sisi wawili tu.

"Binti wa Erastus, nataka kukuomba kitu kibaya."

Nikajua. Nilijua kabla hajamaliza, na nikakasirika mpaka machozi yakanitoka.

"Nilitaka kukuzaa wewe," nikamwambia. "Miezi yote hii nilijua nimekubeba wewe. Mimi nilitaka wewe."

"Mimi niko hapa," akasema. "Niguse. Niko hapa. Utanizaa tena, wewe ni mchanga, na nesi amenipa mifupa ya kungoja. Lakini yeye hana mlango mwingine wa kuingilia, Ngendo. Wangu umefungwa. Umebaki wako."

Mkubwa mmoja wa ukoo alisema baadaye kwamba jambo kama hilo halijawahi kufanywa, na Gathogo, yule mtu asiyesema, akamjibu kwamba sasa limefanywa, akaenda kazini. Lakini siku ile ndani ya nyumba jibu lilikuwa langu peke yangu, nami nilimtazama yule mwanamke, paji la uso lenye alama ya kamba ya kubebea kuni, ngozi ya mashavu kavu na safi, na nikaona anaogopa. Waithira alikuwa anaogopa mimi nitakataa. Nikawaambia wakunga mtoto ni Waceke.

Habari zilizofika Thika zilikuwa kwamba Ngendo amejifungua msichana salama. Hakuna aliyetaja jina, kwa sababu kila mtu alidhani linajulikana. Waceke alikuja Jumapili hiyo, mara ya kwanza tangu siku ya chai. Tulimwona akipanda njia, amekonda, amebeba uji wa kumletea mzazi kama desturi ilivyo, na alipofika mlangoni akasimama nje. Akatengeneza uso wake uwe wa furaha. Niliona alivyohangaika kuutengeneza.

"Nimekuja kukuona, Waithira mdogo," akaita kwa sauti ya sherehe. "Yuko wapi dada yangu aliyezaliwa?"

Waithira alikuwa ndani, anampaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Hakugeuka.

"Waithira ni mimi na niko hapa," akasema. "Ingia ndani, Waceke. Ingia ujione."

Nilifikiri hakusikia. Alibaki pale pale mlangoni, kibuyu cha uji mkononi. Kisha akaingia, akakiweka chini, akamtazama mtoto aliyekuwa akirusha miguu juu ya paja la dada yake, akamtazama dada yake, na mwishowe akanigeukia mimi pale kitandani. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka arobaini, mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Akapiga magoti mbele yangu, yeye aliyekuwa na maneno ya kutosha kijiji kizima, na akapata neno moja tu.

"Maitu," akaniita.

Nikamwitikia.